Jicho na Stara

Katika viungo vyote alivyojaaliwa mwanadamu, hakuna kilichotiliwa shaka na watu wa dini kama jicho, kwa sababu mkono sharti ukaribie ndipo uguse, na ulimi sharti upate wa kuusikiliza ndipo udhuru, bali jicho hufika mbali bila ya kutoka mahali pake, likachukua kisicho chake, na mwenye mali asijue kwamba ameibiwa. Qurani Tukufu, katika Sura ya Nur, imewaamrisha waumini wainamishe macho yao, na amri hiyo imewaelekea wanaume kwanza, katika aya ya 30, ndipo katika aya ifuatayo ikawaelekea wanawake. Huo ni mpango ambao mawaidha mengi huuruka upesi ili yafike kwenye habari ya mavazi. Injili ya Mathayo nayo humhesabia mtu dhambi kabla hajanyanyua mkono, kwa mtazamo wake na kwa nia iliyomo ndani ya mtazamo. Hivyo dini mbili zinazotawala fikira za watu wetu, wa pwani na wa bara, zimeafikiana katika jambo hili, kwamba kutazama ni tendo kamili, lenye nia, lenye mipaka na lenye hisabu.

Ikiwa ndivyo, lipo swali ambalo wapenzi wa sinema hawalikabili aghalabu. Watu mia kadhaa wakikusanyika gizani, wakalipa kiingilio, wakamkodolea macho mtu asiyeweza kuwatazama wao, akila, akilia, akiugua na pengine akifa, je, wanafanya tendo gani, na hisabu yake ataandikiwa nani? Swali hili huwa jepesi katika majumba ya sinema ya kawaida, ambako wanaotazamwa ni waigizaji waliokubali kutazamwa wakalipwa ujira wao. Huwa zito katika matamasha ya filamu, ambako huletwa filamu huru, yaani zile zilizotengenezwa pasipo kampuni kubwa wala agizo la serikali, kwa fedha ya kuungaunga, na ambazo mara nyingi zimekwenda kutazama mahali ambapo adabu imetufundisha tusitazame. Na miongoni mwa filamu hizo, za wanawake ndizo zilizokwenda mbali zaidi nyuma ya mlango: jikoni, uani, chumba cha mgonjwa, mahali pa kazi ambapo hakuna mgeni anayepelekwa.

Nalifikiria jambo hili kila Ngome Kongwe ya Unguja inapotajwa, maana ndani ya kuta zake Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoasisiwa 1997 na kufunguliwa kwa mara ya kwanza 1998, limekuwa likitandaza pazia lake mbele ya watu wa nchi za jahazi na wageni wao. Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwafukuza Wareno. Baadaye ikawa gereza. Na mwaka 1949 ua wake ulitengenezwa ukawa klabu ya wanawake ya mchezo wa tenisi, mahali ambapo kuta zilizonuiwa kuzuia mizinga zilizuia macho ya wapita njia. Kwa hiyo ua ule ule umekwisha kuwa mahali pa kuwaficha wanawake wasionekane wakicheza, na mahali pa kuwaonyesha watu wote kazi ambazo wanawake wamezitengeneza. Sisemi kwamba hali ya pili ni maendeleo juu ya ya kwanza. Mchezaji wa tenisi ambaye hakuna anayemtazama ana uhuru wake, tena uhuru ambao nyota wa sinema angeutamani.

Maana stara, kwetu sisi, si jambo dogo. Nyumba ya mwambao imejengwa ili mgeni akae barazani, apewe kahawa, aulizwe hali ya jamaa zake wote, na aondoke bila ya kuona mwenye nyumba amelala juu ya nini. Katika sifa za Mwenyezi Mungu mna sifa ya kusitiri aibu za waja wake, na waumini wameahidiwa kwamba anayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa. Mama asiye na unga huwasha moto hata hivyo, akateleka sufuria ya maji matupu, ili moshi uonekane nje na jirani asijue kwamba ndani hamna kitu. Watoto huambiwa chakula kinaiva. Sasa aje mtu na kamera, hata awe na huruma nyingi kama nini, afunue sufuria ile, na picha ya maji yanayochemka ikaonekane Paris na Berlin, ambako watazamaji watapiga makofi na pengine watatoa machozi: je, mama yule amesaidiwa au amevuliwa nguo?

Wako wanaojibu haraka kwamba ukweli sharti uonekane, na wako wanaojibu haraka vile vile kwamba aibu sharti ifichwe. Mimi nadhani jibu halipatikani kwa haraka ya namna hiyo, na ili nieleze sababu, sina budi kukaa kwa muda na filamu moja fupi iliyotengenezwa Iran.

Forough Farrokhzad alikuwa mshairi, na hakuwa ametimiza miaka 30, alipokwenda mwaka 1962 katika makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Baba Baghi, karibu na mji wa Tabriz, kwa kutumwa na chama cha kuwasaidia wagonjwa hao. Alikaa siku 12 pamoja na wenzake wachache, akarudi na filamu ya dakika zipatazo 22 iitwayo Khaneh siah ast, maana yake nyumba ni nyeusi, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo kubwa ya filamu za hali halisi katika tamasha la Oberhausen, Ujerumani. Miaka minne baada ya tuzo hiyo alikufa kwa ajali ya gari, umri wake miaka 32.

Filamu huanza katika giza, na katika giza hilo sauti ya mwanamume hueleza kwamba ubaya si haba duniani, na kwamba ungezidi lau binadamu wangeufumbia macho. Kisha giza hutoka, na cha kwanza kinachoonekana ni mwanamke aliyejitanda nguo, uso wake umeliwa na maradhi, anajitazama katika kioo. Kamera humsogelea polepole. Naomba msomaji alizingatie jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niione filamu yote kwa namna nyingine: jicho la kwanza kuutazama uso ule si letu. Mwenye uso ametutangulia, anautazama bila ya kupiga kelele wala kugeuka, na sisi tumefika nyuma yake kama wageni waliochelewa. Haya tuliyokuja nayo, ya kudhani kwamba tunamwona mtu katika siri yake, inabidi tuirudishe tulikoitoa, maana siri hiyo yeye aliizoea zamani, na huitazama kila asubuhi.

Baada ya hapo mambo ya kawaida hufuatana. Mwanamke anachanwa nywele. Mwingine anapakwa wanja katika jicho. Mtu mmoja anatembea kando ya ukuta, anakwenda na kurudi, na sauti inataja majina ya siku za juma moja baada ya jingine, mpaka mtazamaji anatambua kwamba hiyo ndiyo kalenda ya mahali pale. Watoto wanacheza mpira. Katika sala wanaume wananyanyua mikono ya dua, na baadhi ya mikono hiyo haina vidole. Darasani watoto wanasoma kitabuni maneno ya kumshukuru Mungu aliyewapa mikono ya kufanyia kazi na macho ya kuonea uzuri wa dunia. Na mwalimu anapomuuliza mvulana mmoja kwa nini tumshukuru Mungu kwa kutupa baba na mama, mtoto anajibu kwamba yeye hajui, kwa sababu hana baba wala mama. Mwingine anaambiwa ataje vitu vibaya, naye anataja mkono, mguu, kichwa, na darasa zima linacheka.

Nimekwisha kusikia filamu hii ikifasiriwa kwa namna mbili zinazopingana. Wengine huiona ni kejeli juu ya dini, kana kwamba mshairi ameiweka shukrani kando ya kidonda ili shukrani ionekane upuuzi. Wengine huiona ni fundisho la ridhaa, kwamba tazameni, hata hawa wanashukuru, basi sisi wazima tuna udhuru gani? Tafsiri zote mbili zinaniudhi, na ya pili zaidi kuliko ya kwanza, kwa kuwa inawatumia wagonjwa kama dawa ya kuwatuliza wazima. Katika Kitabu cha Ayubu imesimuliwa kwamba rafiki zake watatu, walipomwona amebadilika hata hawakumtambua, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hapana aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu. Na ndilo tendo jema lao la pekee, maana walipofungua vinywa kueleza hekima ya Mungu katika mateso yale walianza kukosea, na mwisho Mungu mwenyewe aliwakasirikia kwa maneno yao. Farrokhzad naye hakumtetea Mungu wala hakumshtaki. Ameiweka dua kando ya mkono usio na vidole, akaketi.

Wala hakuketi kwa huzuni tupu. Katikati ya filamu sauti ile ya mwanamume hurudi, ikaeleza kwa maneno makavu, kama ya daktari, kwamba ukoma hufuata umaskini na kwamba unatibika. Hapo stara inabadilika sura mbele ya macho yetu. Watu wa Baba Baghi walikuwa wamefichwa, na kufichwa kwao kuliitwa huruma. Kumbe maradhi yao yalikuwa na dawa, na kufichwa ndiko kulikowafanya wazima wasione haja ya kuipeleka dawa hiyo.

Miaka 30 baadaye, Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alipeleka kamera Kunduchi, pembezoni mwa Dar es Salaam, katika machimbo ambako wanawake waliokimbia vita vya Msumbiji walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo ili kupata kokoto za ujenzi. Filamu yake ya 1992, These Hands, ina urefu wa dakika 45, na haina msimulizi. Nyundo hupanda, nyundo hushuka, jiwe hukataa, halafu hukubali. Mtazamaji aliyezoea kuambiwa ahisi nini huanza kuhangaika katika dakika ya kumi, maana hakuna anayemwambia kwamba wanawake hawa ni mashujaa au ni wahanga. Kuna kazi tu, na jua, na watoto wanaokaa pembeni ya kazi hiyo, na nyimbo zinazozuka palipo na nguvu ya kuziimba. Ukaaji huu wa kimya ni ule ule wa rafiki zake Ayubu katika siku zao saba njema.

Lakini filamu hii ina jambo ambalo ya Tabriz haina, nalo linatuhusu sisi zaidi. Mtu wa Oberhausen aliyewatazama wakoma wa Iran aliweza kujiambia kwamba yuko mbali nao. Mtu wa Dar es Salaam hana pa kukimbilia, kwa kuwa kokoto zile ziliuzwa, zikachanganywa na saruji na mchanga, zikamwagwa katika misingi na ngazi na sakafu za mji huu, na haiyumkini mtazamaji akawa hajapata kukanyaga hata moja. Yeye alikwisha kufaidika na kazi ile kabla hajaiona. Kwa mtu wa namna hii, kuinamisha macho hakuhesabiki kuwa ni haya. Ni mdeni anayemkwepa mdai wake njiani.

Hapa ndipo ninapopata kipimo ninachokitafuta. Pazia likitundikwa, tuulize linamsitiri nani. Liko pazia linalomkinga mnyonge na fedheha, na hilo ni haki yake, asilifunue mtu pasipo idhini yake hata kwa jina la sanaa. Na liko pazia linalomkinga mwenye nguvu na hisabu, ambalo limeshonwa kwa kitambaa kile kile, likapewa jina lile lile tukufu, na kazi kubwa ya waongozaji wanawake ninaowastahi imekuwa kuyapambanua mapazia haya mawili, ambayo kwa mbali yanafanana sana.

Moufida Tlatli wa Tunisia, aliyekuwa mhariri wa filamu za wengine kwa miaka mingi kabla ya kuongoza yake mwenyewe, alilionyesha pazia la pili katika Samt al-Qusur, filamu iliyopata Tanit ya dhahabu katika tamasha la Carthage mwaka 1994. Ndani ya jumba la mabey, watawala wa nchi hiyo, katika miaka ya 1950, watumishi wanawake wanapika, wanafua, wanaimba jikoni, na wanaitwa juu usiku. Na kanuni ya kwanza wanayowafundisha binti zao ni kunyamaza. Jumba lina stara kamili. Hakuna kinachotoka nje. Binti Alia hajui baba yake ni nani, na kila mtu mzima jikoni anajua.

Samira Makhmalbaf alikwenda hatua ya ajabu zaidi. Alikuwa hajavuka umri wa miaka 18 alipotengeneza Sib, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 1998, juu ya mzee mmoja wa Tehran aliyewafungia ndani mabinti zake pacha kwa miaka 11, hata majirani wakapeleka mashtaka kwa watu wa ustawi wa jamii. Mzee yule, mkewe kipofu na mabinti wenyewe walikubali kuigiza maisha yao. Naye mzee ana hoja zake: msichana ni kama ua, na jua likimpiga atanyauka. Ana malalamiko yake pia, kwamba magazeti yamemzulia kuwa aliwafunga mabinti kwa minyororo, na kwamba hadhi yake mbele ya watu imevunjika. Mwongozaji kijana yule amempa nafasi ya kusema haya yote, bila ya kumdhihaki, halafu katika filamu mtumishi wa ustawi anamfungia mzee ndani ya nyumba yake mwenyewe, anampa msumeno, na kumwambia akate nondo kama anataka kutoka. Mabinti wako nje, wanajifunza kununua barafu tamu. Sijaona hukumu yenye insafu kuliko hiyo: aibu ya mzee imeheshimiwa, na kufuli lake halikuheshimiwa.

Na ili tusidhani kwamba mapazia haya yako Uajemi na Maghribi tu, tukumbuke Wagalla. Februari 1984, katika kiwanja cha ndege huko Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, askari waliwakusanya wanaume wa Kisomali, wakawaweka juani siku kadhaa bila ya maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja maiti 57, walionusurika hutaja mamia juu ya mamia. Kwa miaka mingi jambo hilo lilisitiriwa, na waliosema waliambiwa wasifukue yaliyopita. Judy Kibinge alipowaendea wajane na wazee wale kwa filamu yake Scarred ya 2015, hakuwafunua. Walikuwa wakingoja kuulizwa. Kuna watu ambao stara imewalemea mpaka wanaomba ivuliwe, na anayekataa kuwatazama kwa hoja ya adabu anamaliza kazi iliyoanzwa na askari.

Asidhani msomaji, hata hivyo, kwamba nawapa wanawake jicho lenye adabu kwa tabia ya kuzaliwa. Leni Riefenstahl alikuwa mwanamke, tena mwenye kipaji ambacho wengi wa wakati wake hawakukifikia. Mwaka 1938 filamu yake juu ya michezo ya Olimpiki ilipata tuzo ya juu katika tamasha la Venezia, tuzo iliyobeba jina la Mussolini. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumtukuza Hitler kwa kamera kadhaa mjini Nürnberg. Na vita vilipoanza, alipohitaji watu wenye sura ya Kispania kwa filamu yake Tiefland, alichukua Waroma kutoka kambi ya Maxglan, wakubwa kwa watoto, wakaigiza, wakarudishwa kambini, na wengi wao baadaye wakapelekwa Auschwitz. Aliwatazama kwa makini sana, kama afanyavyo kila mpiga picha hodari. Alitazama sura zao zinavyopokea mwanga. Kwa hiyo umakini peke yake si ibada, na uke peke yake si dhamana. Na neno huru, tunaposema filamu huru, lingepaswa kuulizwa limejitenga na nani, maana Riefenstahl alikuwa na fedha zote alizozitaka.

Liko pia swali la nia, na hapa matamasha yenyewe yako hatarini. Wanavyuoni wa Kiislamu wameiweka riya, yaani kutenda jema ili kuonekana na watu, miongoni mwa maradhi ya moyo yaliyo magumu kutibika, na sinema ni sanaa ambayo haiwezi kuwapo bila ya kuonekana. Haifaa al-Mansour wa Saudia ameligusa jambo hili kwa ucheshi katika Wadjda ya 2012. Msichana Wadjda anataka baiskeli ya kijani inayouzwa riyali 800, na kwa kuwa hana fedha anajiandikisha katika mashindano ya kusoma Qurani, yenye zawadi ya riyali 1,000. Nia yake ni baiskeli, wala haifichi. Lakini mazoezi yana nguvu yake, na sauti iliyoanza kwa kukwaruza inatulia, inapata makhraj, yaani matamshi sahihi ya herufi, mpaka siku ya mashindano anasoma kama mtu aliyeelewa. Anashinda. Anapoulizwa atafanya nini na fedha, anasema ukweli, na mwalimu mkuu anampokonya zawadi ili ipelekwe kwa Wapalestina. Nani katika ukumbi ule alikuwa na riya: mtoto aliyesema anataka baiskeli, au mkubwa aliyetoa sadaka mali ya mtoto mbele ya umati? Mwongozaji mwenyewe, kwa kuwa haikuwa rahisi mwanamke aonekane akiwaamrisha wanaume katika mitaa ya Riyadh, aliongoza baadhi ya picha za barabarani akiwa amejificha ndani ya gari, akitoa maagizo kwa redio ya mkononi. Alisitirika ili aweze kuonyesha.

Tuzo zenyewe zina kejeli zao. Ouagadougou, tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO ni sanamu ya binti mfalme Yennenga juu ya farasi wake, mama wa Wamossi katika masimulizi yao. Kamati iliyoandaa tamasha la kwanza, mwaka 1969, iliongozwa na mwanamke, Alimata Salembéré. Na hata kufikia tamasha la 2025 hakuna mwanamke aliyekabidhiwa farasi wa dhahabu. Cannes, Mei 2018, wanawake 82 walisimama kwenye ngazi kwa sababu filamu 82 za wanawake ndizo zilizokuwa zimeingia katika shindano kuu tangu tamasha lianze, dhidi ya zaidi ya 1,600 za wanaume. Hesabu hizo ni za aibu, na sina la kuzitetea. Ila nahofu kwamba tukizitazama peke yake, tutamaliza mjadala siku ambayo farasi atagawiwa sawa kwa sawa, na wale walio upande wa pili wa kamera, wenye nyundo na wenye vioo, hawataingia katika hesabu yoyote.

Inasimuliwa kwamba Farrokhzad alipotoka Baba Baghi alimchukua mvulana mmoja, mtoto wa wagonjwa, akamlea kama wake. Wako wanaolitaja tendo hili kama taji la filamu. Mimi naliona kama kukiri kwamba filamu haikutosha, kwamba baada ya kutazama kwa haki kote kule bado lilibaki deni ambalo picha haikuweza kulilipa, naye akalipa sehemu aliyoiweza, watoto wengine wakabaki nyuma ya lango.

Sitaki kila mwongozaji alee mtoto. Ninalo ombi lililo dogo zaidi kwa wenye kuandaa matamasha yetu. Pale ambapo filamu imewapiga picha watu wa kweli katika maisha yao, waletwe wao kwanza, wakae mbele, waione kabla ya majaji na kabla ya wageni, na baada ya hapo waulizwe, kama mwongozaji anavyoulizwa, nao wajibu wanavyotaka, hata kwa kusema kwamba haiwapendezi. Najua pingamizi. Mkataba wa Roma wa Oktoba 1992 ulivimaliza vita vya Msumbiji, wakimbizi wengi wakarejea kwao, na pengine wapondaji wale wa Kunduchi hawapatikani tena. Lakini wapo wengine katika filamu za mwaka huu na za mwaka ujao, na tamasha linaloweza kumleta jaji kwa ndege kutoka Ulaya, likampa chumba chenye kutazama bahari, haliwezi kutuambia kwamba limekosa nauli ya daladala kutoka Kunduchi hadi bandarini, na tiketi ya boti.